Kabla hujayafundisha magari kugawana masafa

Mdogo wangu unayeanza shahada ya uzamili, wiki ya kwanza najua utafanya nini. Utafungua lugha ya Python, utapakua zana zake za PyTorch, na kabla ya Ijumaa utakuwa na mtandao wa neva (programu inayojifunza yenyewe) unaofanya jambo fulani. Mimi nilianza hivyohivyo, na ilinigharimu miezi.

Anza na shida yenyewe. Gari lililounganishwa hutangaza mahali lilipo, kasi na mwelekeo wake hadi mara 10 kwa sekunde, ili wenzake walio karibu wajue. Kila tangazo linahitaji kipande cha masafa ya redio na kipande cha muda, na vipande hivyo si vingi. Marekani mwaka 1999 ilitenga megahezi 75 karibu na gigahezi 5.9 kwa kazi hii. Mwaka 2020 ikaamua kuyabakizia magari megahezi 30 tu, 45 nyingine zikaenda kwa Wi-Fi. Kwa hiyo mgawanyo ndio kila kitu.

Pale ambapo hakuna mnara wa simu wa kugawa, gari hujichagulia lenyewe, na kanuni ya kujichagulia ipo tayari katika viwango vya LTE (teknolojia ya simu ya 4G) vya magari. Ijue kanuni hii kama unavyojua njia ya kwenu. Gari husikiliza kwa sekunde moja iliyopita, huondoa vipande vilivyokwisha kushikwa na wengine wanaosikika kwa nguvu, kisha katika vilivyobaki huchagua kwa bahati nasibu kimoja kutoka asilimia 20 yenye utulivu zaidi. Likishakipata hukaa nacho kwa matangazo kati ya 5 na 15, ndipo hufikiria kuhama. Hakuna mtandao wa neva hapo, na inafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani.

Kasoro yake utaielewa ukiwahi kushika redio ya upepo: ukibonyeza kitufe uongee, husikii kitu. Magari mawili yakichagua kipande kilekile cha muda, kila moja linapotangaza halimsikii mwenzake, kwa hiyo hakuna linalojua kwamba yamegongana hewani. Yataendelea kugongana kila baada ya milisekunde 100 mpaka mojawapo lihame. Ikiwa ni matangazo 15, hiyo ni sekunde moja na nusu, na kwa kilomita 100 kwa saa gari limeshakwenda zaidi ya mita 40 bila mwenzake kulisikia. Ukiniuliza mimi, ujifunzaji wa mashine una la kufanya hapa hasa. Sehemu nyingi nyingine ni mapambo.

Sasa aibu yangu. Kwenye simulesheni, yaani barabara ya kuigiza ndani ya kompyuta, kila gari nililifanya wakala anayejifunza kwa tuzo: tangazo likipokewa anapata pointi, likigongana anakatwa, na makato niliyaweka makubwa kuliko pointi maana niliogopa migongano. Nikampa viwango vinne vya nguvu za kurushia, cha mwisho kikiwa sawasawa na kuzima redio. Grafu ikapanda kama mnazi. Asilimia ya matangazo yaliyopokewa ikanifurahisha mpaka nikampelekea msimamizi wangu nikiwa natabasamu.

Akaitazama kidogo, akauliza, “Na yaliyotumwa ni mangapi?”

Sikuwa nimeyahesabu. Tuliporudi kwenye kumbukumbu za simulesheni tukakuta magari mengi yamenyamaza. Yalikuwa yamegundua kwamba asiyesema hakatwi. Nami nilikuwa nagawanya yaliyopokewa kwa yaliyotumwa, kwa hiyo machache yaliyotoka yalifika karibu yote. Tangu siku hiyo nagawanya kwa matangazo yaliyopaswa kutumwa, na pembeni naweka kipimo cha umri wa taarifa: habari ya mwisho niliyo nayo kuhusu jirani yangu ni ya milisekunde ngapi zilizopita? Kipimo hicho hakidanganyiki kwa ukimya.

Jambo jingine, kagua kile unachomwonyesha wakala. Simulesheni inajua kila gari liko wapi, na ni rahisi mno kumpenyezea habari ambayo gari halisi barabarani haliwezi kuipata. Jiulize kila namba imetoka kwenye antena ipi. Pia usimfundishe kwa magari 20 ukamjaribu kwa 20 yaleyale. SUMO, programu ya kuigiza mwendo wa magari barabarani, inakuruhusu kubadilisha msongamano upendavyo, basi mjaribu kwa foleni ambayo hajaiona. Na mawakala wakijifunza wote kwa pamoja, barabara ya jana siyo ya leo, kwa kuwa wenzake nao wamebadilika. Mafunzo yakiyumba usikimbilie kuongeza tabaka za mtandao.

Mwisho, kanuni ile ya kusikiliza na kuchagua iandike wewe mwenyewe, kwa uangalifu uleule unaoupa mtandao wako. Yangu ya kwanza nilikuwa nimeipa magari yote hesabu ileile ya kuhama, badala ya kila moja kupata yake kwa bahati nasibu. Yaliyogongana yalihama pamoja. Mtandao wangu uliishinda kwa mbali sana, kumbe nilikuwa nampiga mtu niliyemfunga mikono. Nilipoirekebisha, tofauti ikabaki ndogo, tena kwenye makutano yenye foleni tu. Barabara ikiwa nyeupe hapakuwa na tofauti. Hicho ndicho kilichoingia kwenye tasnifu, pamoja na ukurasa mzima unaoeleza makutano yale yalikuwaje.