Kikao cha wajomba hakimsemeshi kijana

Nimekuta msokoto wa bangi kwenye begi la mwanangu wa kidato cha pili. Niwaite wajomba zake tumkalishe kikao? (Mama, Isevya)

Usimwite mjomba yeyote. Wajomba watatu sebuleni ni mahakama, na mshtakiwa hujitetea tu. Menyeni karanga wawili, macho kwenye ungo, umwambie: "Nimekuta kitu kwenye begi lako, nimeogopa." Halafu nyamaza. Najua hapo ndipo mnaposhindwa. Akisema ni cha rafiki, usimrukie. Muulize huyo rafiki alianzaje. Mtamjadili rafiki nusu saa nzima, na wote wawili mnajua ni nani. Mambo yakiwa mazito, 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure.

Si kweli kwamba bangi huongeza akili darasani?

Hapana. Inavuruga kumbukumbu, tena ya ubongo ambao bado unakua. Msiniulize tena.

Kijana wangu alirudi kuchuma tumbaku asubuhi anayumba na kutapika. Nikamchapa kwa ulevi, naye anakataa katakata. (Baba, Urambo)

Ulimnusa mdomo kabla ya kushika fimbo? Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande, nikotini hupenya ngozini. Mchumaji anapata kizunguzungu, kichwa kinamuuma, anatapika, na hajaonja hata tone. Avue nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni, apumzike; akizidiwa, kituo cha afya. Kisha mwombe radhi. Ndiyo, wewe baba mtu. La sivyo, siku atakayopewa gongo kweli hatakwambia, maana kwako mkweli na mwongo wote wanakula fimbo ileile. Na huyo mtoto alikuwa anatafuta nini kwenye tumbaku? Hiyo si kazi ya watoto.

Wanzuki ni asali yetu tu. Mjukuu akionja kuna ubaya gani? (Babu, Sikonge)

Shikamoo babu. Asali ikishachacha ni pombe, hata kama mizinga ni ya kwenu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Sasa nani humtuma kilabuni na kidumu jioni? Njiani anafungua kifuniko, anapiga mafunda mawili, anafunga. Ukiona kidumu hakijajaa unamlaumu muuzaji.

Nimpime mkojo mwanangu kwa siri?

Na akikuuliza umeupataje?