Maswali na Majibu: Kitabu Kiko Wazi, Kichwani Hakiingii Kitu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Morogoro. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Alipokuwa shule ya msingi alikuwa miongoni mwa wale wanaoitwa mbele siku ya kufunga shule, lakini tangu aingie sekondari amekuwa akishuka, na upimaji wa kidato cha pili aliuvuka kwa shida. Kila usiku baada ya chakula anakaa mezani na kitabu hadi saa tano, nami namwona kwa macho yangu, ila ukimuuliza kesho yake alisoma nini anabaki kujikuna kichwa. Baba yake anasema ni uvivu. Mimi nimemwahidi simu akipata daraja la kwanza mwakani. Nifanye nini ili arudiwe na hamu ya kusoma kama zamani?
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hilo la uvivu, kwa sababu neno hilo likishamkaa mtoto halimtoki kirahisi. Mtoto anayekaa mezani hadi saa tano kila usiku si mvivu. Mvivu angekwishalala, au angekuwa barazani na wenzake. Mwanao anafanya kazi, na kazi yenyewe haimzalishii kitu, na mtu yeyote anayelima msimu baada ya msimu bila kuvuna atafika mahali aliangalie jembe kwa uchungu. Ninachokiona katika barua yako ni kijana ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kusoma. Hamu ilimtoka baada ya juhudi zake kutozaa matunda, wala haikuwa kinyume chake.

Nilipokuwa nafundisha Biolojia niliwahi kukaa na mwanafunzi wa namna hiyo baada ya vipindi. Daftari lake lilikuwa safi, kila mstari muhimu umepakwa rangi ya njano. Aliniambia sura ya figo ameisoma mara nne. Nikamwomba alifunge daftari, nikampa karatasi tupu na penseli, nikamwambia achore figo na kuonyesha damu inaingilia wapi na mkojo unatokea wapi. Alichora umbo kama la harage, vizuri kabisa, kisha penseli ikasimama. Alikaa hivyo kama dakika mbili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nilikuwa naiona." Na ni kweli alikuwa akiiona. Macho yakishauzoea ukurasa, akili humwambia mtu kwamba anaujua, ilhali kuutambua ukurasa ulio mbele yako ni jambo moja, na kuutoa kichwani ukiwa umefungwa ni jambo jingine, na chumba cha mtihani kinadai hilo la pili.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006. Wanafunzi walipewa kifungu wakisome. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakaambiwa waandike yote wanayoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takribani asilimia 56 ya kifungu, na waliorudia kusoma takribani asilimia 42. Hapo ndipo mtego ulipo, mama, maana kusoma tena na tena kunampa mwanao uhakika usiku uleule, kisha kunamwacha peke yake siku inayohitajika.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalipi uzito. Miaka saba ya shule ya msingi mwanao alisoma kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari masomo karibu yote yakageuka kuwa ya Kiingereza, naye akageukia kukariri, kwa sababu kukariri ndiyo njia pekee ya kukishika kitu usichokielewa. Basi usiku mwombe akueleze kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia mtu, kile alichokisoma. Huhitaji kuijua Biolojia. Msikilize tu, na kila anapokwama au kuruka mwulize, "Ikawaje hapo?" Akishaeleza kwa lugha yake, aandike sentensi tatu au nne za Kiingereza za jambo hilohilo akiwa amekifunga kitabu. Nimeona watoto wakibadilika kwa zoezi hili moja, na ninalipenda kwa sababu haligharimu hata shilingi.

Sasa hamu. Unauliza arudiweje na hamu ili asome, nami nakuomba uligeuze swali, kwa kuwa hamu kwa kawaida huja baada ya mtu kuona anasogea. Mwaka 1981 Albert Bandura na Dale Schunk waliwachukua watoto 40 wa umri wa miaka saba hadi kumi, waliokuwa dhaifu sana katika hesabu za kutoa na wasiozipenda, wakawapa kurasa 42 za mazoezi wazifanye wenyewe kwa vikao saba. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa sita kila kikao. Jingine liliambiwa lilenge kuzimaliza zote 42 mwishoni. La tatu halikupewa lengo lolote. Waliolenga kurasa sita sita ndio waliosonga kwa kasi zaidi na kuzielewa hesabu vizuri zaidi, na, hili ndilo ninalotaka ulishike, ndio walioonyesha kuzipenda hesabu hizo walipoachwa wafanye watakalo. Kurasa ni zilezile. Waliopata jambo la kulimaliza kila siku walianza kujiamini, na kupenda kukafuata.

"Daraja la kwanza Novemba ya mwakani" ni kurasa 42, mama. Liko mbali mno kumwinua mtoto kitini leo usiku. Mnunulie kijidaftari. Kabla hajafungua kitabu aandike humo jambo moja atakaloliweza kabla ya kulala, na aliandike kwa namna inayopimika: asiandike "nitasoma Biolojia", aandike "nitachora figo bila kutazama na kutaja sehemu zake nane". Pembeni akisie atapata ngapi kati ya hizo nane. Asome kwa dakika arobaini, afunge, ajipime, ajisahihishe mwenyewe kwa kitabu, aandike alichopata kando ya alichokisia. Wiki za mwanzo atakisia saba na kupata tatu. Usimcheke, wala usiogope. Pengo hilo ndilo mwalimu wake, kwa sababu linamwonyesha lile ambalo rangi ya njano ilimficha. Mtaalamu Barry Zimmerman, aliyeandika mengi juu ya wanafunzi wanaojisimamia, aliueleza mwendo huo kama duara la hatua tatu: kupanga kabla, kujiangalia wakati wa kazi, na kujitathmini baada yake ili upangaji wa kesho uwe bora. Mwanao kwa sasa anafanya ile ya katikati peke yake, na hata hiyo anaifanya gizani.

Akishaweza jambo, alirudie baada ya siku moja, kisha baada ya wiki, kwa kujipima tu. Na saa nne awe kitandani. Saa ile ya tano anayoikesha inamwibia usingizi bila kumlipa chochote.

Kuhusu simu: umekwisha kuahidi, hivyo ukiweza itimize, kwa maana ahadi ya mzazi ni deni. Ila usiendelee kuahidi zaidi. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaangalia watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore walionekana baadaye wakichora kwa hiari yao kwa muda mfupi kuliko awali, lakini waliopewa cheti hichohicho bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu. Siku utakayoona ameandika sita na kupata sita, mpikie anachokipenda bila kutangaza, na mwambie umekiona alichokifanya. Na baba yake mwombe usiku mmoja tu akae mezani, asikilize mtoto anavyoeleza figo. Naamini neno uvivu litamtoka mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza chuoni hapa Dodoma. Shule ya bweni kulikuwa na kengele, prepo na mwalimu wa zamu. Hapa hakuna anayeniuliza niko wapi. Kila asaimenti naianza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, najichukia, naapa sitarudia, na narudia. Testi ya kwanza nimefeli na nina hofu ya sapu, yaani mtihani wa marudio. Nimepungukiwa nini?
Binti wa Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa miaka mingi kengele ilikuwa inapanga siku yako, na ilipoondoka iliondoka na utaratibu wote kwa pamoja. Si aibu, ni ufundi ambao hukuwahi kudaiwa uwe nao. Angalia pia unachokikimbia. Mara nyingi mtu hakimbii kazi, hukimbia ile hisia nzito inayomjia anapoifungua kazi, na kuahirisha humpa nafuu ya saa chache kwa riba kubwa.

Kiapo "sitarudia" hakina mahali wala saa, ndiyo maana hakikushiki. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, na mwenzake Veronika Brandstätter, waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike ripoti wakati wa sikukuu ya Krismasi, kazi rahisi kuisahau wakati huo. Waliotakiwa kutaja mapema saa na mahali watakapoandikia waliikamilisha kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wale walioazimia tu. Kwa hiyo sema hivi: "Jumanne nikitoka kwenye kipindi cha saa nne, nitakwenda maktaba, meza ya dirishani, nitafungua swali la asaimenti na kuandika aya moja." Aya moja inatosha kwa siku ya kwanza. Simu iache kwa mwenzako wa chumba, maana ikiwa mfukoni utaitoa.

Na hilo la kujichukia liache, mwanangu, nakuomba kwa dhati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kimoja nchini Kanada, uliona kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwa mtihani uliofuata. Kujilaumu kunaiongezea kazi ile hisia nzito unayoikimbia. Testi moja imepita; kamwone mhadhiri wako saa zake za ofisi wiki hii, na ubebe karatasi yako.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, darasani nina wanafunzi 74. Nikirudisha mitihani wanatazama maksi, wanaikunja, imekwisha. Siwezi kukaa na kila mmoja. Kuna njia?
Mwalimu wa sekondari, Tanga

JIBU: Ipo, na haihitaji ukae na yeyote. Siku ya kurudisha karatasi, kabla hujasahihisha ubaoni, wape dakika kumi. Kila mwanafunzi aandike, kando ya kila swali alilokosa, herufi moja: S kama hakulisoma, K kama alilisoma lakini hakukumbuka, L kama alijua jibu ila lugha ya swali ilimpoteza, H kama alikosea kwa haraka. Kisha ahesabu herufi zake na kuandika chini ya karatasi ni kitu gani kimoja atakachokibadilisha kabla ya mtihani ujao. Kusanya, zipitie kwa haraka, na uzitunze. Mwenye K nyingi anahitaji kujipima, mwenye S nyingi anahitaji ratiba, na darasa likijaa L ujue hapo kazi ni yetu sisi walimu, si yao. Wiki moja kabla ya mtihani unaofuata, warudishie karatasi hizo wasome walichojiandikia kwa mkono wao.