Barua kwa Mwanangu: Aliyeondoka na Aliyebaki

Butere

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama huko Njoro. Sisi hatujambo, ila mama yako angali analalamikia goti lake. Umeniuliza, kwa ajili ya karatasi yako ya saikolojia, iwapo ni kweli kwamba Isaac Newton alikuwa mtu mgumu, mpweke na mwenye kinyongo kwa sababu mama yake alimwacha akiwa mdogo, na umesema unaniuliza mimi kwa kuwa nilifundisha fizikia hadi nikastaafu. Nashuku una sababu nyingine, lakini hiyo tuiache kwanza.

Mambo yenyewe yanajulikana. Newton alizaliwa Woolsthorpe siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, baba yake akiwa amefariki miezi 3 hivi iliyotangulia. Alipotimiza miaka 3, mama yake, Hannah, aliolewa na kasisi mzee mwenye mali, Barnabas Smith, akahamia kwake North Witham, mwendo usiofika kilomita 3. Mtoto hakuchukuliwa. Walipatana kwamba atapewa kipande cha shamba, naye akaachwa na nyanya yake mzaa mama, Margery. Hannah alirudi mwaka 1653, mjane kwa mara ya pili, akiwa na watoto wengine 3. Mwaka 1662, Newton akiwa Cambridge, aliorodhesha dhambi zake kwa hati mkato, na mojawapo ilikuwa kuwatishia baba na mama Smith kwamba atawachoma moto pamoja na nyumba yao. Mwanahistoria wa Marekani, Frank Manuel, aliandika kitabu mwaka 1968 akiijenga hoja yake juu ya jeraha hilo: kwamba ugomvi wa Newton na wataalamu wenzake, Hooke mwanasayansi, Flamsteed mnajimu wa nyota, na Leibniz mwanahisabati, ulikuwa hasira ile ile ya utotoni ikitafuta mtu wa kumwangukia.

Mimi nina neno langu moja, ambalo mmelisikia hapa nyumbani mpaka mkachoka nalo: kila mtu huuliza habari za aliyeondoka, na hakuna anayeuliza habari za aliyebaki. Katika maandishi yote aliyoyaacha Newton, hakuna kumbukumbu hata moja ya upendo kuhusu Margery, aliyemlea miaka ile yote.

Unajua jinsi nyanya yako wa Kericho alivyoolewa tena baada ya mazishi ya babu yako, na jinsi wazee walivyokataa mtoto wa kiume aondoke kwenye boma la baba yake. Hilo tulishalizungumza. Nisilowahi kuwasimulia ni siku aliyokuja kunitazama mara ya kwanza. Alishuka kwenye gari moshi la kutoka Kisumu, akatembea kutoka stesheni na mtoto mgongoni, akatukuta mimi na binamu yangu tukipanda kutoka mtoni, madebe ya maji vichwani. Akaweka kikapu chini, akamshika binamu yangu mabega yote mawili, akamwita kwa jina langu. Nilisimama pale maji yakinichirizika shingoni. Nyanya yangu alikuwa mlangoni pa jikoni akipepeta wimbi. Hakumsuta mtu wala hakucheka. Alipaza tu sauti akaniita kwa majina yangu yote, la babu, la ubatizo na la ukoo, mpaka majirani wakasikia, eti nimletee ungo, na ungo wenyewe alikuwa ameushika mikononi. Mama yangu akageuka. Hadi leo nikiikumbuka siku ile huumia na kucheka kwa wakati mmoja.

Utaniambia basi kwamba huko ndiko nilikoupata ukali wangu, na mama yako atakuunga mkono, kwa maana husema sisahau hata deni la msumari. Pengine ni kweli. Lakini shangazi yako, ambaye siku ile alikuwa mgongoni na hakuwahi kutengana na mama, ndiye aliyewashtaki ndugu zake wote kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tena huku kwetu waliolelewa na nyanya zao ni wengi mno, na Principia, kile kitabu kikuu cha Newton cha fizikia, ni kimoja tu.

Mtazame pia Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1596, mama yake akafa mwaka uliofuata, naye vilevile akalelewa na nyanya. Mwaka 1645 alimwandikia Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia kwamba mama yake alikufa siku chache tu baada ya kumzaa, jambo ambalo si sahihi, na kwamba alirithi kwake kikohozi kikavu na uso uliopauka. Lakini akaongeza kwamba mazoea yake ya kuyatazama mambo kwa upande wao mzuri ndiyo yaliyomwondolea udhaifu huo. Huyo naye alikosa mama, na hakutishia kumchoma mtu.

Hata kwa Newton mwenyewe mambo hayanyooki. Kasisi Smith aliacha daftari kubwa la mambo ya dini, kurasa nyingi zikiwa tupu, na humo ndimo Newton alimofanyia hesabu zake za mwanzo za kalkulasi, yaani hisabati ya mambo yanayobadilika. Chuki haikumfanya atupe karatasi nzuri. Na mwaka 1679, Hannah alipougua homa aliyoipata akimuuguza mwanawe Benjamin, Newton alimwendea, akakesha naye usiku kucha, akimfunga malengelenge kwa mikono yake mwenyewe. Ndivyo alivyosimulia John Conduitt, mume wa mpwa wake. Wewe ulikuwa kidato cha pili nyanya yako wa Kericho alipolazwa, na uliona ni nani aliyelala kwenye kiti.

Je, huo ulikuwa msamaha, au wajibu, au ni mtoto wa miaka 3 aliyetaka kuhakikisha kwamba safari hii mama haondoki bila yeye kujua? Jibu ninalo na ulimi unaniwasha, ila karatasi ni yako, na mhadhiri wako atataka ushahidi kuliko maneno ya mzee wa Butere. Nitasema hili tu, nawe usiliandike: kama mimi ndiye ningesahihisha, ningekata alama kwa kila ukurasa unaomtaja Hannah bila kumtaja Margery. Wewe unayeitwa kwa jina la nyanya yangu hutakosa kunielewa.

Ni mimi,
Baba yako