Kadi ya Wi-Fi haionekani? Usikimbilie kupiga Windows upya

Alama ya Wi-Fi ilipotoweka kwenye laptopu ya mdogo wangu, fundi wa mtaani kwao hakuiangalia sana. "Hii tuipige Windows upya." Kwa mafundi wengi hiyo ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Dogo ana ripoti yake ya chuo humo ndani, ambayo ingeweza kufutika, akanipigia: "Kaka, nimwachie?" Nikamwambia aniletee kwanza.

Kabla ya lolote, jua kama kompyuta inaiona kadi ya Wi-Fi (kifaa cha ndani kinachoiunganisha na Wi-Fi) au haiioni. Bofya kulia alama ya Windows, fungua Device Manager, kisha tazama chini ya Network adapters. Ukikuta jina lenye Wireless au Wi-Fi, hata kama lina pembetatu ya njano, kadi ipo na mara nyingi shida ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kama halipo, tafuta Network Controller chini ya Other devices. Hiyo ni kadi inayoonekana lakini haijatambulika. Fungua Properties, nenda Details, chagua Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom. Chukua draiva kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yako. Zile programu zinazodai kukutafutia draiva zote kwa mpigo mimi siziamini hata kidogo.

Utapakuaje na intaneti hakuna? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, uwashe USB tethering. Kompyuta itaichukulia simu kama mtandao wa waya. Ila haraka sana weka muunganisho huo kuwa metered (wenye kikomo cha data) kwenye mipangilio ya mtandao, la sivyo Windows itaanza kujisasisha na bando lako litakwisha hivihivi.

Ya dogo haikuwa na jina popote, na hapo ndipo kupiga Windows kungekuwa kupoteza muda. Kwanza izime kabisa. Kwenye Windows 10 na 11, Fast Startup (kipengele cha kuharakisha kuwaka) ikiwa imewashwa, Shut down ya kawaida haizimi kila kitu, kwa hiyo shikilia Shift unapoibofya. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki uishe. Kadi iliyoganda mara nyingi huamka hapo. Ikigoma, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uone kama Wireless haijazimwa.

Yetu iligoma kote. Nikamuuliza kama iliwahi kufunguliwa. "Eeh, waliniongezea RAM."

Tukafungua mfuniko wa chini na kuchomoa betri ya ndani kabla ya kugusa kitu. Kadi ya Wi-Fi ni kibao kidogo chenye nyaya mbili nyembamba, aghalabu nyeusi na nyeupe, na hushikwa na skrubu moja tu. Skrubu haikuwepo, na kadi ilikuwa imenyanyuka upande mmoja. Nikaichomoa, nikafuta meno yake ya shaba kwa kitambaa kikavu, nikairudisha na kuifunga. Tulipowasha, jina likatokea. Na nyaya zile zikichomoka, kadi haipotei, ni mawimbi tu yanayokuwa hafifu, kwa hiyo usihangaike nazo ukitafuta kadi isiyoonekana.

Ikiwa kadi imekufa kweli, adapta ndogo ya USB inatosha. Nyingine hujitokeza kwanza kama kiendeshi cha CD. Usishangae, draiva imo humo humo. Ukitaka kubadilisha kadi ya ndani, soma namba ya modeli kwanza: Intel AX201 haifanyi kazi kwenye mashine yenye prosesa ya AMD, wakati AX200 inakubali, mradi nafasi ya kuichomeka iwe ya aina ya M.2. Na baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikikuta kadi isiyo kwenye orodha yao, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kwamba utairudisha ikikataa.