Barua kwa mwanangu: Krismasi inavyozeeka pamoja nasi

Mwanangu mpendwa,

Maswali yako mawili nimeyapata. La kwanza ni hili: mbona Krismasi haikusisimui tena kama ulipokuwa mtoto, na je, mtu akizeeka inazidi kufifia au inarudi? La pili ni la vitendo: mwaka huu wazee watakuwa wengi mezani pako, uwapangie vipi siku hiyo? Nayajibu yote, ila la pili nitalikalia zaidi, kwa sababu ukilielewa utakuwa umelielewa na la kwanza.

Tuanze na hesabu ndogo. Kwa mtoto wa miaka 5, mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha yake yote. Kumbukumbu za watu wengi huanzia kwenye umri wa miaka 3 hivi, kwa hiyo Krismasi anazozikumbuka huenda hazizidi mbili. Karibu kila anachokiona siku hiyo ni kipya, na ubongo hushika mapya kwa nguvu kuliko mazoea. Siku iliyojaa mapya huonekana ndefu ukiikumbuka. Kwa mtu wa miaka 60, mwaka ni sehemu moja tu kati ya 60, na mengi ya siku hiyo ameshayaona mara kadhaa. Ndiyo maana wazee husema, "Krismasi tena? Si ilikuwa juzi tu?" Wanaposema hivyo wanaeleza jinsi muda unavyowaendea, wala hawana maana kwamba sikukuu imewachosha.

Kuna na kusubiri. Mtoto hana kazi nyingine mwezi wa Desemba. Hata kalenda ya Kanisa inajua thamani ya kusubiri: Majilio yana Jumapili nne kabla ya Noeli, na ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mtu mzima hunyang'anywa kusubiri kabla ya kitu kingine chochote. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu hadi hamsini hivi, yeye ndiye anayenunua, anayesafisha, anayepanga nani alale wapi, anayehesabu viti. Aliye jikoni tangu asubuhi haisikii harufu ya chakula kama aingiaye kutoka nje. Hapo ndipo ulipo sasa. Furaha haijafa, imefunikwa na kazi.

Kosa la watu wa rika lako ni kudhani dawa ni kuongeza: mapambo zaidi, wageni zaidi, zawadi kubwa zaidi. Kila unachoongeza ni kazi nyingine mikononi mwa mtu yuleyule. Isitoshe, Krismasi ya utotoni unayojaribu kuirudisha haikutokea vile unavyoikumbuka. Akili huchukua vipande vya miaka mitano au sita, wimbo wa mwaka huu na nguo ya mwaka ule, ikavishona vikawa siku moja. Hakuna siku halisi itakayoshindana na hiyo. Cha kufanya ni kugawa kazi kwa majina kabla ya tarehe 10 Desemba, kila kazi na mtu mmoja anayewajibika, kisha ujiachie saa mbili ambazo huna jukumu lolote. Ibada ya mkesha inafaa sana. Nenda ukae tu, usiwe mwimbaji wala mpokea wageni.

Sasa wazee.

Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza jambo ambalo ukilijua hutawashangaa tena: mtu anapohisi muda uliobaki ni mfupi, hupunguza watu na shughuli, akabaki na wale wachache wenye uzito moyoni. Kijana hupenda mkusanyiko mkubwa kwa sababu huenda akapata rafiki au nafasi mpya. Mzee anaangalia kama mtu fulani amekuja. Zawadi ataifungua kwa adabu na kuiweka kando, lakini atakuuliza mara tatu fulani amefika saa ngapi na ataondoka lini. Kwa hiyo swali lako la kama inafifia nalijibu hivi: vitu hufifia, watu huzidi kung'aa. Na kwa sababu watu ndio wanaong'aa, pengo la asiyekuwepo nalo huonekana wazi kuliko wakati mwingine wowote.

Hilo pengo lishughulikie mapema. Kama kuna aliyefiwa mwaka huu, usingoje siku yenyewe. Wengi huona siku za kuielekea sikukuu ni nzito kuliko tarehe 25. Mpigie wiki mbili kabla, umtaje marehemu kwa jina, uulize: "Ungependa tumkumbuke namna gani siku hiyo, au tusiseme kitu?" Watu huogopa kulitaja jina wakidhani watamkumbusha mfiwa. Hajasahau. Kinachomuumiza ni kuona wote wanalikwepa. Halafu mkubaliane kubakiza jambo moja kama lilivyokuwa na kubadilisha jambo moja, kwa mfano sala ya mezani ibaki ileile lakini kiti cha kichwani mwa meza akikalie mtu mwingine. Kubakiza yote hufanya pengo lipige kelele, na kubadilisha yote humfanya mfiwa ajione amefiwa mara mbili. Mwambie pia mapema kwamba anaweza kuondoka wakati wowote bila kuaga watu wote, na umtaje atakayempeleka. Tena usimsahau mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza watu humzunguka, mwaka wa pili kila mtu amerudi kwenye shughuli zake.

Masikio ndiyo yanayoharibu sikukuu za wazee wengi kuliko kitu kingine, na karibu hakuna anayeyafikiria. Kusikia kwa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo konsonanti kama s, f na sh. Irabu hubaki. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba unasema, ila "saa" na "taa" kwake ni neno moja. Ukiongeza muziki, vijiko na watu kumi wanaosema pamoja, hapati kitu. Anaanza kutabasamu na kuitikia kwa kichwa, na ninyi mnadhani amefurahi au amechoka. Kumpigia kelele hakusaidii: sikio hilohilo lisilosikia sauti ndogo huumizwa upesi na sauti kubwa, ndiyo maana kelele za watoto humfanya akunje uso. Fanya hivi. Zima muziki watu wanapokula, uuwashe kabla na baada. Mkalishe ukuta ukiwa nyuma yake, kwenye pembe, ili kelele zisimjie pande zote. Taa au dirisha liangaze nyuso za wanaomsemesha, lisiwe nyuma yao, kwa sababu anasoma midomo hata kama mwenyewe hajui. Karibu naye, umbali wa mita moja hivi, waweke watu wawili au watatu wanaosema taratibu. Mazungumzo ya pamoja ya zaidi ya watu wanne hugawanyika yenyewe hata kwa vijana. Kama anavaa kifaa cha kusikia, badilisha au chaji betri asubuhi ile.

Muda nao upange. Wazee wengi hulala mapema na kuamka mapema kuliko walivyokuwa, hivyo sherehe inayoanza giza likiingia inawakuta wameisha nguvu. Saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri ni wakati wao mzuri. Kiu nayo hupungua na umri: usimwulize kama anataka maji, mpe tu glasi kila baada ya muda. Weka chumba kimoja chenye mlango unaofungika, kitanda na mwanga hafifu, umwonyeshe mara anapofika ili asilazimike kuomba.

Kwa mwenye maradhi ya kusahau, ongeza tahadhari. Kuchanganyikiwa mara nyingi huzidi jua linapotua, kwa hiyo awe amerudi nyumbani au chumbani kwake kabla ya hapo. Wageni wamwendee wawili wawili. Na asisikie mtihani hata mmoja: "Unanijua mimi?" ni swali linalomvunja moyo mbele ya watu. Kila mtu ajitaje anapomsalimia: "Shikamoo bibi, ni mimi fulani, mtoto wa binti yako mkubwa." Nyimbo za zamani za Noeli mwimbieni pamoja. Mara nyingi maneno ya wimbo hubaki hata majina ya watoto yanapopotea. Harufu pia ina njia fupi kuelekea sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu, na kumbukumbu zinazorudishwa na harufu mara nyingi ni za miaka 10 ya kwanza ya maisha. Mshumaa uliozimwa sasa hivi unaweza kumrudisha mtu mbali sana. Muulize basi amefika wapi.

Hapo niongeze zawadi ambayo wazee hawaisemi lakini huitaka: kuhitajiwa. Ukimwambia "wewe pumzika tu" siku nzima, umemwondoa kwenye sikukuu. Mpe kazi ya kweli ambayo ikikosekana itaonekana: kuongoza sala, kusoma Injili, kukata, kukunja, kuwagawia watoto zamu. Iendane na nguvu zake na afanye akiwa ameketi kama magoti yamechoka. Usiirudie kazi yake nyuma ya mgongo wake.

Kazi kubwa kuliko zote ni kusimulia. Watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30, kwa hiyo hapo ndipo uulize. "Tusimulie zamani" ni swali pana mno na utapata majibu mafupi. Uliza vitu vyenye umbo: nani alikuwa wa kwanza kuamka? Mlikaa wapi kanisani? Ni mwaka gani mtu alikosekana, na kwa nini? Rekodi kwa simu ukiwa umeiweka juu ya kitambaa laini, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni, feni imezimwa. Dakika 30 hadi 40 zinatosha kwa kikao kimoja. Jioni hiyohiyo nakili mahali pawili. Picha za zamani andikeni majina nyuma kwa penseli laini, kwa sababu kalamu ya wino hukandamiza karatasi na wino huweza kupenya upande wa mbele. Zile za karatasi yenye utando wa plastiki hazishiki penseli, basi andika kwenye bahasha yake.

Uliniambia pia kwamba wazee huisoma habari ya kuzaliwa kwa namna tofauti. Ni kweli, na iko ndani ya maandiko yenyewe. Katika Injili nne ni Mathayo na Luka tu wanaosimulia kuzaliwa, na Luka amewajaza wazee humo. Anaanza na Zakaria na Elisabeti waliokwisha kuwa wazee. Baada ya hori na wachungaji analeta watu wawili hekaluni: Simeoni, aliyekuwa akingoja kumwona Masihi kabla hajafa, na Ana binti Fanueli, mjane anayetajwa na miaka 84, aliyeishi na mume miaka 7 tu. Mtoto huishia kwa wachungaji. Mzee huendelea kusoma hadi kwa Ana, kwa sababu huko kuna mtu wa umri wake aliyesubiri maisha yote na bado anasubiri. Kusubiri kule ulikokupoteza ukiwa na miaka ishirini na kitu, hurudi hivyo, ila sasa mtu anangoja watu na anamngoja Mungu.

Jambo la mwisho ni tarehe 26 na 27. Nyumba iliyojaa jana inanyamaza ghafla, na mzee anayeishi peke yake hulihisi hilo kuliko mkesha wenyewe. Noeli ya kale ina siku 12, hadi Epifania tarehe 6 Januari, basi zitumie. Gaweni siku na ndugu zako, mmoja ampigie tarehe 27, mwingine amtembelee tarehe 30, mwingine tarehe 3, na kila mmoja ataje saa. Simu isiyo na saa humfanya mtu akae karibu nayo siku nzima. Mwenye saa iliyotajwa ana kitu cha kusubiri.

Jumapili ya kwanza ya Majilio nipigie saa kumi jioni, ukiwa na kalamu, tuandike majina ya wazee wote na nani anakaa karibu na nani. Na mimi nipe kazi.

Mama yako.