Mkono wa Birika Uliolisha Wanangu

Kwa miaka mingi pale Busia, upande wetu wa Uganda, nilijulikana kwa mkono wazi. Msiba ukitokea, mabugo yangu, yaani mchango wa rambirambi, yalisomwa mapema, jina na kiasi, kwa sauti. Nilinunua mahindi vijijini na kuwauzia wenye malori wanaovuka kwenda Kenya. Hela iliingia na kutoka.

Jirani yangu, Hajati mmoja muuza mukene, wale dagaa wa ziwani, watu walimwita mkono wa birika. Michango yake ilikuwa midogo. Kila shilingi aliiandika kwenye daftari, na akipima unga hufuta kilele cha kikombe kwa kidole. Nilimdharau mama huyo, na leo inaniuma kusema hivyo.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na mpaka ukafungwa kwa wapita njia. Malori yaliruhusiwa, lakini madereva walikwama foleni wakingoja majibu ya vipimo. Mahindi yangu yakaliwa na wadudu stoo. Watoto wanne walikuwa nyumbani, na shule hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Wale niliowachangia hadharani sikuwaona. Siwalaumu. Nilikuwa nimenunua sifa, na sifa nilishapewa.

Aliyekuja ni Hajati, jioni, kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na unga wa posho, maharage na kikombe chake. Akapima, akafuta kilele, akaandika. "Ndugu yangu, utalipa ukipata. Na usimwambie mtu." Alirudi kila wiki, kwa miezi.

Nilimtazama kidole kile kikipita juu ya kikombe nikaelewa kitu ambacho mahubiri mengi hayakunifundisha. Ubahili niliomcheka na amana iliyolisha wanangu vilitoka kwenye tabia moja: hataki kitu kipotee. Na ukarimu wangu ulikuwa umelala kitanda kimoja na kiburi. Nyumbani kwangu, wiki ileile niliyotangazwa msibani, mke wangu alikuwa akikopa sukari.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuweka ukarimu katikati ya ubahili na ubadhirifu. Alisema pia kwamba mbadhirifu huponyeka kwa urahisi zaidi, kwani umri na ukata humfundisha. Mimi ukata ulinifundisha. Lakini kwa Hajati naona jambo moja zaidi: watu hutuita wabaya kwa sehemu ya tabia wanayoiona, na wema wake huenda umefichwa kwenye sehemu ambayo hawajaihitaji bado.

Kwa hiyo ukitaka kujirekebisha, usianze kwa kung'oa. Chukua kasoro unayosemwa nayo na uulize inalinda nini. Mkaidi huenda ndiye asiyekubali hongo. Kisha chukua sifa unayopendwa nayo na uulize ingebaki kiasi gani kama hakuna anayekuona. Hili la pili ndilo gumu; mimi nililikwepa miaka, na bado kuna siku nalikwepa.

Nisieleweke vibaya. Husuda nimeichimba ndani yangu, nikitafuta chembe ya wema. Sikuipata. Aristotle naye aliitaja husuda, pamoja na wizi, uzinzi na uuaji, kuwa mambo yasiyo na kiasi chake cha haki. Hayo yaache tu, usiyatafutie udhuru.

Siku hizi mabugo natuma kwa simu moja kwa moja kwa mfiwa, baada ya kuhesabu ya sukari na karo. Mwanzoni, jina langu liliposomwa bila kiasi, nilitaka kusimama nieleze. Nikakaa.

Deni la Hajati nilimaliza mwaka jana. Alifungua daftari, akapiga mstari kila ukurasa, halafu akanirudishia shilingi mia mbili nilizozidisha.