Mnauliza kuhusu mwizi, mimi nauliza nani alinunua

Swali lenu la wiki lilikuwa hivi: je, wezi wadogo wadogo wa mtaani waongezewe kifungo ndio wizi upungue? Nilitaka kupita tu nisiandike kitu, maanake hapa mtaani kwetu Kaptembwo, Nakuru, kila mtu ana jibu lake na karibu yote yanaishia kwa tairi na petroli, lakini hili swali limenigusa pabaya, kwa hivyo mnivumilie.

Jibu langu la haraka ni ndio, waongezewe. Mimi naishi kwa ploti, nguo tunaanika huku tumezikodolea macho, viatu vinalala ndani na sisi, na ukisahau sufuria nje usiku, asubuhi unaanza kuuliza majirani na hakuna aliyeona kitu. Mtu anaamka saa kumi kwenda sokoni Wakulima kuhangaika na magunia ya viazi apate pesa ya gesi, halafu mwingine ambaye alikuwa amelala anakuja kuibeba mchana kweupe. Huyo simhurumii hata kidogo.

Sasa kabla sijatuma hilo jibu nikampigia msichana wangu, yeye anasomea kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, nikamuuliza kwani saa hizi wanafungwa miaka mingapi. Akanitumia vifungu vya Penal Code, ile sheria ya Kenya ya makosa ya jinai, Sura ya 63. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, hadi miaka 3. Wizi wa mifugo, cha 278, hadi miaka 14. Ukimchomoa mtu kitu mfukoni, ama ukiiba ndani ya nyumba ya watu kitu cha zaidi ya shilingi 100, hiyo ni 279, hadi miaka 14. Shilingi 100 jamani, hiyo hata kuku wa kienyeji hununui mguu! Na mkiiba kwa nguvu mkiwa wawili ama zaidi, ama mmoja akiwa na silaha, 296 sehemu ya pili, hukumu ni kifo. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987 lakini hukumu yenyewe bado iko kwa vitabu, na bado watu wa boda wanapigwa ngeta, wanakabwa shingo usiku wakinyang'anywa pikipiki. Kwa hivyo ukali tunao tayari, tena mwingi.

Halafu akanitumia kimoja ambacho sikuwa nimemuuliza. Kifungu cha 322, kupokea mali ya wizi, hadi miaka 14. Nikamwambia umekosea namba. Akasema soma vizuri. Yaani aliyebeba mtungi wa gesi kwenye veranda ni miaka 3, na aliyeununua akijua ni wa wizi ni miaka 14. Nimeishi Nakuru tangu ikiitwa mji hadi ikawa jiji mwaka wa 2021 na sijawahi kusikia mnunuzi amefungwa.

Wacha niwaambie ya Mama Kevo. Mama Kevo alikuwa na mtungi wa kilo 13, wa kijani, ameununua kwa pesa ya chama cha kuchangiana, na alikuwa anaupikia kwa veranda kwa sababu ndani mna watoto na aliogopa moto. Asubuhi moja akaenda kuchota maji, kurudi ukuta uko, jiko liko, paipu imekatwa, mtungi hakuna. Kelele zikapigwa. Na unajua vile mtaa hufanya, hakuna aliyeuliza nani ameonekana hapa, watu waliuliza yule kijana wa mkokoteni yuko wapi. Alikuwa kijana anayesukuma mitungi ya maji, aliwahi kufungwa kitambo kwa sababu ya redio ya gari, na tangu atoke kila kitu kikipotea ni yeye. Msichana wangu anasema kuna wasomi walioandika sana juu ya hiyo, kwamba ukishampa mtu jina la mwizi unamfungia milango mingine yote. Mimi nilimjibu kwamba hiyo ni kweli lakini siku hiyo alikuwa ameiba kweli.

Wakampata karibu na kituo cha matatu. Alipigwa. Kuna jamaa alikuwa ameshaenda kutafuta tairi, na si utani. Aliyemwokoa ni mzee wetu wa nyumba kumi, mwalimu mstaafu, alisimama katikati akawaambia mkimuua hapa mtashtakiwa nyote, sheria haiangalii nani alirusha jiwe la mwisho, mkiwa na nia moja ni mauaji kwa kila mtu. Watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, kila mtu akakumbuka ameacha kitu kwa moto. Kijana akasema mwenyewe, nimeuza kwa duka fulani, mia nane. Mtungi ule mtupu tu ni wa maelfu, na ulikuwa bado una gesi!

Tukaenda kwa duka. Mwenye duka, nisimtaje, alikuwa ameuweka nyuma kabisa, chini ya gunia, na hiyo ndio imenikaa kichwani hadi leo. Mitungi mingine yote ilikuwa mbele kwa kichanja cha chuma, inang'aa, inangoja wateja. Huu mmoja tu chini ya gunia. Tulipouliza akasema hajui chochote, kijana alimwambia ni wa shangazi yake amehamia Molo. Saa moja asubuhi, shangazi amehamia Molo, kwa mia nane.

Polisi wakaja, ikaandikwa kwa OB, kile kitabu cha ripoti cha kituo, kijana akaingizwa sero, mtungi ukachukuliwa kama kielelezo. Kesho yake kijana akafikishwa kortini kwa sababu Katiba, ibara ya 49, inataka hivyo ndani ya masaa 24. Mwenye duka je? Mwenye duka akaandikwa shahidi. Shahidi wa upande wa mashtaka! Nilifikiri nimesikia vibaya. Ofisa akatueleza kwa upole kwamba bila yeye hakuna wa kusema mtungi ulitoka kwa nani. Naelewa hiyo hesabu, lakini gunia je?

Kesi ilisukumwa na kusukumwa, na wakati huo wote Mama Kevo alipikia makaa kwa sababu mtungi ulikuwa umefungiwa na kikaratasi cha namba ya kesi. Yaani ameibiwa na mwizi halafu serikali ikamshikia kilichobaki. Korti inaweza kuamuru mali irudishiwe mwenyewe, lakini mtu wa kuuza mboga anajua kuomba hayo wapi? Kila siku ya kesi alikuwa anafunga kibanda, nauli yake, chakula chake, na mlalamishi asipotokea bila sababu mshtakiwa anaweza kuachiliwa, kwa hivyo hakuwa na la kufanya ila kwenda. Mimi nilikuwa namsindikiza.

Siku ya ushahidi kijana hakuwa na wakili, alijitetea mwenyewe, na akauliza swali ambalo hata wakili angelilipia. Alisema, "Mama, mitungi ya kijani kama hii iko mingapi hapa Nakuru?" Korti ikacheka. Mama Kevo akanyamaza. Nikajua tumeisha, kwa sababu ukidai mali lazima uonyeshe ni yako wewe, si ya kampuni ya gesi. Halafu akasema, "Pindua uone chini." Mtungi ukapinduliwa hapo mbele ya hakimu, na kwenye ule mduara wa chini kulikuwa na rangi ya kucha, nyekundu, ameandika K ya Kevo, kidogo imebanduka. Kijana mwenyewe akatikisa kichwa kama mtu amefungwa bao. Akapewa kifungo. Mwenye duka akatoa ushahidi akiwa na koti safi, akashukuriwa, na siku iliyofuata akafungua duka kama kawaida.

Sasa msichana wangu ananiambia wanafundishwa kwamba wizi unahitaji vitu vitatu vikutane, iliandikwa na Wamarekani wawili, Cohen na Felson, mwaka wa 1979: mtu anayetaka kuiba, kitu kinachoibika, na kukosekana kwa mlinzi. Sawa. Lakini kijana yule hakutaka gesi. Hana hata jiko. Alitaka mia nane, na mia nane haikuwa kwa veranda ya Mama Kevo, ilikuwa kwa droo ya lile duka. Siku za mwizi ni arobaini, za mnunuzi hazihesabiwi na mtu. Na mtungi wa gesi hauna shida kuuzika, ukishaingia kwa duka unabadilishwa na wa mteja anayekuja na mtupu, kufika jioni uko Njoro jikoni kwa mtu asiyejua lolote.

Serikali ikitaka inajua njia hii. Januari 2022, baada ya nguzo za stima kuanguka na nchi kulala giza, Rais Uhuru Kenyatta hakuongeza miaka kwa wanaokata vyuma, alipiga marufuku biashara yenyewe ya skrapu, yaani vyuma chakavu, ikakaa imefungwa miezi kadhaa. Waliumia pia wengi wasio na hatia, najua, nina shemeji alikuwa kwa hiyo kazi. Lakini angalau mtu aliuliza chuma kinaenda wapi.

Na kuna Mtaliano mmoja, Beccaria, alisema tangu 1764 kwamba kinachomzuia mtu si adhabu kuwa kali, ni kuwa na uhakika atashikwa. Nilipoanza kuandika ningemcheka. Saa hizi simcheki sana, maanake majirani zangu wengi wakiibiwa hata hawaendi kituoni, wanaona ni nauli ya bure, na kwa wizi usioandikwa popote nani atashikwa?

Kwa hivyo nafuta jibu langu la kwanza, miaka isiongezwe. Ile iliyoko itumike, na itumike kwa mnunuzi. Hapo nina wasiwasi wangu pia. Sheria inasema lazima awe alijua ama alikuwa na sababu ya kuamini ni mali ya wizi, na mama anayenunulia mtoto simu ya mkono wa pili barabarani bila risiti atasemaje? Tena mkiwapa watu wengine hiki kifungu kama mtego wa kutoza chai kila fundi wa simu, mtakuwa mmetuongezea mwizi mwingine, wa sare. Na yule kijana, kusema ukweli, akirudia kwa Mama Kevo mimi bado ningempa hiyo mitatu yote bila kupunguza hata siku, elimu ya msichana wangu ikae kando.

Lakini waanze na mwenye gunia. Kila mtaa unamjua wake, hata nyinyi wa Langalanga, na si lazima mtu awe mpelelezi kuona duka linalonunua mitungi saa moja asubuhi kutoka kwa watu wasio na jiko.